Suruali ya Mzee Danoki

Machi 3, 2025

Daftari hili nimelinunua leo kwa ajili ya hasira. Jana baada ya misa Padre aliniita pembeni akasema, "Mama Sila, sauti yako inafika kanisani wewe mwenyewe ukiwa bado nyumbani. Yanayokuchoma uyaandike." Haya, naandika. Nilimaliza darasa la saba wakati darasa la saba lilikuwa la saba kweli, mwandiko wangu hauna aibu.

Mimi ni Flaviana, fundi cherehani. Baraza langu liko Karatu mjini, njia ya sokoni. Nilitoka Rombo nikiwa bibi harusi, na mwaka wa ishirini na nane huu nawavisha watu wa hapa. Sare za kwaya zote tatu za parokia ni mkono wangu. Mume wangu Eliaichi alikuwa dereva wa watalii, ametutoka mwaka wa tatu sasa, Mungu amrehemu. Mtoto ninaye mmoja, Silvanus. Huyo Sila ndiye mwongoza watalii bora kuliko wote wanaoshuka kreta ya Ngorongoro, na sisemi mimi, wanasema wageni. Anajua ndege mia tatu kwa majina. Kuna Mjerumani alilia wakati wa kumuaga.

Leo mchana mtoto huyo kaingia na sare yake ya kazi imekunjwa kwapani.

"Mama, nimeomba likizo mpaka msimu ufunguke mwezi wa sita."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nipo kwa Mzee Danoki kule Oldeani. Najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Kuanguka."

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Mzee Danoki ni Mwingereza, ana miaka themanini na nne, anaishi peke yake kwenye nyumba ya zamani ya shamba la kahawa. Jina lake linaandikwa Percy Dunnock, sisi tunalitamka linavyotamkika. Watu wanasema zamani alikuwa muigizaji wa filamu za kuchekesha huko kwao. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nimeuza mashamba ya ndizi ya urithi wangu mtoto asome chuo cha utalii Arusha, na leo ananiambia anafundishwa kuanguka, kitu alichokijua akiwa na miezi kumi.

Sare nimeifua. Shati la kaki, nembo ya kampuni mgongoni, kifaru wa kijani. Nimeitundika kwenye msumari juu ya cherehani, aione kila akipita.

Machi 5

Mvua. Sare nimeipiga pasi.

Machi 9

Penina hajachelewa. Huyu Penina ni Mpare wa Same, ana duka la madaftari ukuta kwa ukuta na baraza langu. Mimi Mchaga, kwa hiyo ni mtani wangu, na mdomoni mwake hakuna kinachozuilika. Siku tulipomzika Eliaichi alivaa koti la marehemu, akaigiza anavyogombana na gia, akashuka kaburini akalala, akasema chumba hiki ni kikubwa mno kwa Mchaga mmoja, tumtafutie mpangaji, na hatoki mpaka aletewe soda. Nilicheka siku ile kamasi zikinitoka. Bila yeye sijui ningeondokaje pale kaburini.

Leo kasimama barazani mikono kiunoni.

"Mtani! Nasikia mwanao kapata kazi ya kuanguka. Ninyi Wachaga hata kuanguka mmekufanya biashara?"

"Angekuwa Mpare angeanguka bure, halafu aifungulie ardhi kesi."

Alicheka akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika mkasi. Utani ni utani, lakini ina maana mji mzima umeshajua.

Machi 14

Amekuja mwenyewe! Ngoja niandike taratibu.

Ilikuwa saa nne, mvua imekatika, matope mpaka kwenye ngazi. Barazani nilikuwa na Mama Martha wa jumuiya yetu, namjaribisha gauni la Pasaka. Akatokea mzee mrefu, mwembamba kama mlingoti, kofia ya nyasi imeliwa upande na ng'ombe. Akaivua kwa heshima, akakanyaga ngazi, mguu ukateleza, mwingine ukaufuata, mikono ikaenda hewani, na sijui ilikuwaje, akatua ameketi kwenye benchi la wateja, mguu juu ya mguu, kofia gotini. Mama Martha alicheka hadi pini ikamchoma. Mimi sikucheka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Shikamoo ya mzee wa miaka themanini na nne! Nikamrudishia palepale. "Shikamoo wewe."

"Mimi nataka suruali."

"Ya kitambaa gani?"

"Kitambaa kizuri sana. Nataka ichanike."

Nikadhani Kiswahili kimempotea. Nikamuuliza taratibu kama ninavyouliza watoto: unataka nishone iliyochanika?

"Hapana. Nzima. Mpya. Halafu mimi nainama, inachanika hapa." Akajishika makalioni mbele ya Mama Martha. "Siyo kabla. Siyo baada. Nikiinama."

Miaka ishirini na nane! Nimeshonea wachungaji, nimeshonea madiwani, nimeshonea maharusi wanene na wembamba, na hakuna mtu aliyewahi kuingia kwangu kuagiza mshono uachie. Fundi akisikika suruali yake imeachia, amekwisha. Nikasimama.

"Bwana mkubwa, mimi nashona watu wasitirike. Kuchanika katafute kwingine."

Akaniangalia kwa muda mrefu, macho yake ya bluu yamesimama tu. Kisha akasema, "Sawasawa, mama," akavaa kofia, akashuka ngazi polepole bila kuteleza hata kidogo.

Hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Kumbe anajua kushuka ngazi.

Machi 15

Ile suruali nimeamua kuisahau.

Machi 16

Sijaisahau.

Machi 23, Jumapili

Sila karudi na nyonga imevimba. Nikamkanda kwa maji ya chumvi, na huku namkanda akanisimulia maisha ya mwalimu wake. Nayaandika ili siku moja mtu asiseme nilikasirika bila sababu.

Danoki alizaliwa mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, watu wa makaa ya mawe. Akiwa na miaka kumi na minne alipata kibarua cha kufagia ukumbi wa maonyesho. Siku moja watu wamejaa, yeye anapita jukwaani na ndoo, hakuona tundu, akatumbukia na ndoo yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenye ukumbi, badala ya kumfukuza, akamwambia kesho utumbukie tena saa ileile. Kesho yake akatumbukia. Kimya. Hakuna aliyecheka hata mmoja.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Alikuwa anajua kwamba ataanguka, mama. Ilimchukua miaka minane kujifunza kutojua."

Baadaye akaingia kwenye filamu. Hamsini na tatu, nasikia. Polisi, mhudumu wa hoteli, mwalimu wa hesabu, hata padre, na katika zote akiinama suruali inachanika. Padre! Jina lake liliandikwa mwisho kabisa, pale watu wameshaanza kutafuta viatu vyao. Mara moja tu alipewa kuwa mtu mkuu wa filamu, baba aliyefiwa na mtoto, haanguki popote. Siku ya kwanza kuonyeshwa yeye mwenyewe alikuwemo ukumbini. Alipotokea analia, watu wakaanza kucheka. Walikuwa wanaisubiri suruali. Baada ya hapo kazi zikakauka. Miaka mingi ikapita, akaletwa Ngorongoro kuigiza mzungu anayekimbizwa na kifaru, na kipande chake chote kikakatwa. Mkewe alipofariki, akakumbuka ukungu wa Oldeani, akarudi kuishi.

Nikamwambia Sila, "Miaka hamsini ya kazi, mtu hajawahi kumaliza siku na suruali nzima, na huyo ndiye umemuacha bosi wako kwa ajili yake?"

"Mama, huko kwenye gari wageni wananisikiliza mimi au wanamwangalia simba?"

"Wanamwangalia simba kwa sababu wewe umemuona kwanza!"

Nikakanda kwa nguvu zaidi kidogo.

Aprili 2

Wilson, meneja wa kampuni ya Sila, amepita barazani. Kijana mstaarabu, amekunywa chai. "Mama, kiti chake kipo mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Baada ya hapo nitampa mtu mwingine, usinilaumu." Nilimwonyesha sare ukutani. Nikamwambia ahesabu kwamba mwanangu amesharudi.

Aprili 5

Mvua. Mvua. Njia ya Oldeani imekatika, bodaboda hazipandi. Nilifurahi. Sila akaenda kwa miguu.

Aprili 10

Leo Sila kaacha furushi la kufua, ndani yake kuna suruali ya mazoezi ya yule mzee. Nikaigeuza nione. Yesu na Maria! Mshono wa makalioni umeshonwa kwa mkono, uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi, unakwenda kushoto, unarudi kulia, kama kuku amepita na miguu michafu. Kumbe anajishonea mwenyewe. Miaka yote hiyo.

Nikaiweka chini. Nikashona kola mbili za watu. Nikaichukua tena.

Nikafumua. Naandika hapa wazi kwamba sikushona kwa mapenzi. Nilishona kwa sababu kitu kibaya namna ile hakiwezi kulala chini ya bati langu. Nikapiga bandi, ule mshono wa kushikiza tu ambao fundi anaupiga kabla ya kushona kweli, uzi mmoja wa zamani, na mwishoni fundo dogo. Nikaivalisha mto, nikaukunja. Ikaachia mapema. Nikapiga tena, hatua za uzi zikaribiane juu, ziachane chini. Ikakataa kuachia. Mara ya sita mto ulipokunjika, mshono wote ulifunguka kwa mpigo mmoja, krrr, kama mlango wa kanisa siku ya harusi.

Sasa nani mwingine Karatu anaweza kufanya hivyo? Namuuliza nani, simuulizi mtu.

Aprili 12

Sila kaleta kompyuta, kaweka sebuleni filamu moja ya mzee. Penina akajileta bila kualikwa. Mzee alikuwa kijana humo, anahudumia meza za matajiri. Penina alicheka akateleza kwenye kochi. Mimi sikucheka. Katikati nilikwenda jikoni kuangalia maharage.

Aprili 20, Pasaka

Sila kamleta Danoki kula. Sikukataa, ni Pasaka. Nilipika kiburu, ndizi na maharage ya kwetu Rombo, akala sahani mbili, akalamba kijiko. Halafu akaomba kuona mkono uliopiga ile bandi. Nikamnyooshea. Akaushika kama mtu anashika kifaranga.

"Mama yangu alikuwa fundi," akasema. "Cherehani kama hii, ya mguu. Nilipopata filamu ya kwanza nilimwomba suruali. Akasema, 'Mimi nashona watu wasitirike.'"

Nikauvuta mkono wangu.

"Wewe ulisema maneno yake, siku ile. Mimi nikaogopa. Nikadhani amerudi."

"Na filamu? Alikuja kuziona?"

"Hapana. Hata moja. Alikufa mimi nina filamu thelathini na moja."

Sila aliangalia sahani yake. Mtoto mjanja yule, kama alimleta kwa makusudi nitajua tu.

Nimekaa na hasira jioni nzima, na sijui niielekeze wapi. Kwanza kwa Danoki, kunifananisha na marehemu mezani kwangu. Halafu kwa yule mama mwenyewe. Fundi mzima! Mwenye cherehani ya mguu! Akamwacha mtoto wake wa kumzaa atembee duniani na mshono wa kuku!

Aprili 21

Sare nimeipiga pasi. Mkono haukutaka.

Mei 7

Leo mnada. Sila alisema atafanya onyesho lake la kwanza upande wa mitumba, saa sita. Nilimwambia siji. Nilikwenda kutafuta vifungo, na vifungo vinauzwa upande wa mitumba.

Alikuwa ameandaa vizuri. Kavaa tai, kavaa suruali niliyoipiga bandi mimi, anajifanya mwongoza watalii anayeonyesha wageni punda kana kwamba ni twiga. Watu kama mia hivi wakazunguka. Akasogea nyuma, akateleza kwenye ganda la ndizi alilolitega, akaanguka. Akainuka. Akainama kuokota karatasi, suruali ikafunguka vizuri sana, mpigo mmoja.

Hakuna aliyecheka.

Mwanamume mmoja mwenye fimbo ya kuchungia akauliza mwenzake, "Huyu anaumwa?" Mwanamke akamwambia binti yake, "Twende, ni mtoto wa yule fundi, mama yake hamshonei vizuri."

Miezi miwili nimekasirika kwamba watamcheka mwanangu! Leo wamemnyima! Walisimama pale na meno yao yamefungwa kama masanduku, watu wanaocheka mbuzi akipiga chafya! Nilisahau kwamba sikwenda. Nikapaza sauti, "Mnasubiri nini? Chekeni!" Ikawa mbaya zaidi. Sila akaniona. Akashika suruali yake kwa nyuma akaondoka.

Mei 8

Nimepanda Oldeani leo, kwa mara ya kwanza. Bodaboda iliniangusha mara mbili, mara zote nikiwa na mvua usoni. Danoki alikuwa kitandani anakohoa, amejifunika blanketi mbili. Nikamvamia hapohapo.

"Mwanangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Anajua kuanguka kuliko mimi nilivyokuwa."

"Sasa mbona hawakucheka?"

"Anajua kwamba ataanguka. Mgongo wake unajua. Shingo inajua. Watu wanaona." Akakohoa. "Siku moja atasahau. Basi."

"Siku gani?"

"Mama, mimi nilisubiri miaka minane."

Wilson hatasubiri miaka minane. Anasubiri mpaka tarehe thelathini na moja. Nilimpikia mzee uji wa ulezi nikashuka.

Na hapa niandike jambo moja, maana daftari hili ni la kweli. Siku ya filamu, tarehe kumi na mbili, hatukupika maharage. Niliziba mdomo kwa taulo la jikoni.

Mei 13

Uji nimempelekea mzee tena. Hawezi kuketi.

Mei 17

Mzee Danoki amefariki alfajiri. Kifua. Sila alikuwa naye.

Mei 19

Mtoto wa dada yake katuma ujumbe kutoka Uingereza: azikwe hapohapo Oldeani, ndivyo alivyotaka. Ruhusa imepatikana, tunazika Alhamisi. Wilson atatoa gari la kubebea mwili, Mungu ambariki kwa hilo.

Sila kakaa kwenye benchi la wateja, pale alipotua Danoki siku ile.

"Mama, nitarudi kazini. Nitampa Wilson jibu siku ya mazishi. Mzee hayupo, na watu hawacheki."

"Umefikiri vizuri?"

"Si ndivyo ulivyotaka? Nishonee suruali nyeusi ya kumzikia, tafadhali. Nzuri."

Basi nimeshinda. Mwanangu anarudi kwenye gari, kiti kipo, sare iko ukutani imenyooka. Nilipaswa kwenda kumwambia Penina. Badala yake nimekaa nakata kitambaa cheusi na nimekasirika hadi mkasi unakwaruza meza. Huyu mtoto niliyemkanda nyonga mwezi mzima, anasalimu amri kwa sababu ya watu mia moja wa mnadani wasiojua kucheka? Na mimi ndiye niliyesimama wapi muda wote huo? Nilisimama palepale aliposimama yule mama wa makaa ya mawe.

Mei 21

Suruali imekwisha. Nimeishona kuliko nilivyowahi kushona suruali yoyote. Ila makalioni.

Ukutani kuna msumari mtupu.

Mei 22, Alhamisi

Tumemzika.

Mvua ilikuwa ya manyunyu, ukungu umeshuka hadi kwenye mikahawa, matope mekundu yanashika viatu. Watu hawakufika hamsini: vibarua wa shamba, majirani wachache, Wilson na tai yake, mimi na Penina, ambaye alikuja ingawa hakuna aliyemwita. Sila alibeba jeneza mbele kushoto, suruali mpya imemkaa, mistari imenyooka. Kila mtu aliiangalia. Hata kwenye msiba watu wanajua kazi ya mtu.

Katekista Tluway akasali vizuri. Halafu ukasomwa wasifu wa marehemu. Mistari minne! Alizaliwa Uingereza, alikuwa muigizaji, alihamia Tanzania, amefariki. Filamu hamsini na tatu zikapita kama basi lisilosimama. Watu walitazama chini. Hakuna aliyelia, maana hatukuwa ndugu zake, na hakuna aliyetabasamu. Mtu aliyechekesha watu maisha yake yote anazikwa kama karani wa mizani! Damu ilinipanda.

Penina akaninong'oneza, "Hana mtani huyu. Anaondoka mkavu hivihivi."

"Waingereza watani wao kina nani?"

"Nani aliwahi kuwataka?"

"Basi kuanzia leo ni mimi."

"Wewe? Kwa ukoo gani?"

"Wa cherehani."

Nikatoka mbele. Juu ya jeneza walikuwa wameweka kofia yake ya nyasi. Nikaichukua, nikaivaa, upande ulioliwa na ng'ombe ukatazama mbele.

"Simamisheni koleo!" nikasema. "Huyu hafunikwi. Ana kesi na mimi."

Katekista akafungua mdomo. Penina, aliyejua mara moja ninachofanya, akadakia kutoka nyuma, "Mwacheni mtani aseme!" Wakaniacha.

"Aliniamkia shikamoo akiwa na miaka themanini na nne! Alikuja kwangu akitaka suruali ichanike, nikamfukuza. Kumbe kila fundi wa dunia alimfukuza!" Nikaanza kutembea anavyotembea yeye, magoti yanatangulia, kiwiliwili kinafuata baadaye kama hakikuambiwa. Kibarua mmoja akakohoa kuficha kicheko. "Mzee, umekula kiburu changu sahani mbili, umelamba kijiko, unaondoka bila kuaga? Inuka upande ngazi zangu tena. Kumbe kuzishuka ulikuwa unajua!" Wawili watatu wakacheka, wakaona aibu, wakaacha. Mimi si mchekeshaji. Mimi ni mama wa mchekeshaji.

Nikageuka. "Sila, njoo utie udongo wa kwanza."

Akaja. Uso umekufa, macho mekundu, hana habari yoyote. Alikuwa anawaza mzee wake na jibu la Wilson. Akafika ukingoni, akainama kuchota udongo.

Krrr.

Ukungu mzima ulisikia. Ilifunguka kutoka juu hadi chini, na ndani yake, kwa kuwa mimi nashona watu wasitirike, kulikuwa na bitana. Bitana ya kaki. Na katikati kabisa ya bitana, amenyooka, amepigwa pasi, kifaru wa kijani wa kampuni anawatazama waombolezaji.

Wilson alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake.

Sila hakusogea. Nilimwona akihisi upepo. Mgongo wake haukujua, shingo haikujua. Akanyanyuka polepole, heshima yote ikiwa bado usoni. Akapeleka mkono nyuma, akamgusa kifaru, akamtambua. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Wilson. Kisha akatazama kaburini, moja kwa moja, kama mtu anayesema, ni wewe. Akaja akanivua kofia kichwani kwa adabu kabisa, akamsitiri kifaru nayo, akamwinamia marehemu, na alipokuwa anarudi nyuma hatua moja, matope ya Oldeani yakamchukua miguu yote miwili. Mikono ikaenda hewani. Akatua ameketi kwenye ukingo wa kaburi, mguu juu ya mguu, kofia gotini.

Vibarua ndio walioanza. Halafu Penina akaanguka kweli, kwenye matope, na gauni nililomshonea mimi, na hakuna aliyekwenda kumwinua kwa sababu hakuna aliyeweza. Katekista Tluway aliuma kitabu cha sala. Mwanamke mmoja mzee alikuwa anacheka na kulia pamoja, akimwambia mwenzake kwa Kiiraqw jambo ambalo sikulielewa ila nililifahamu. Wilson alishika tai yake kwa mikono miwili, akajizuia, akajizuia, akaachia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mshono. Haukubaki uzi hata mmoja umeshika.

Mei 23

Sila hasemi nami. Kaketi uani na ile suruali, anaugeuza ule mshono ndani na nje. Jioni akauliza tu, "Mama, fundo ulilipiga wapi?" Nikamwonyesha.

Mei 31

Wilson kaja barazani. Sila alikuwa nyuma ya nyumba anaanguka, tulisikia kishindo. Nikamkaribisha chai. Akaikataa, akasimama kama mtu wa serikali.

"Mama Sila, jibu la mwanao nimeliona, sina la kuongeza. Kiti nimempa mtu mwingine. Lakini ile sare ilikuwa mali ya kampuni. Naihitaji."

Anihesabie kosa mimi! Mtu aliyecheka hadi tai ikamkaza kwenye msiba wa watu!

Nikamwambia aifuate mwenyewe mnadani tarehe saba, saa sita, upande wa mitumba. Iko makalioni mwa mwanangu. Na awahi, asimame mbele, maana nyuma hataona vizuri.